Mlango wa Baridi

Enesia Tweve alikuwa na vipimajoto arobaini na viwili vya kusoma kila alfajiri, na vyote vingeweza kujisoma vyenyewe. Mamlaka ya Halijoto ilikuwa imeviunganisha na ofisi zake za mjini, na kila baada ya dakika kumi vilituma namba bila kuombwa. Hata hivyo Enesia alivizungukia kwa miguu, akavifuta kimoja kimoja kwa vidole, kwa sababu kipimajoto kilichofunikwa na barafu husema uongo, na yeye hakupenda kuongopewa. Kuongopa mwenyewe lilikuwa jambo jingine, nalo tutalifikia.

Alipomaliza cha arobaini na mbili, vidole vyake vilikuwa havisikii kitu. Hapo alikwenda korongoni mpaka kwa mama yake, Subilaga, aliyekuwa ameshaketi jikoni mbele ya mafiga akimsubiri. Kabla ya salamu wala uji, mama alimkamata mikono yote miwili, akaipitisha chini ya khanga na masweta mawili, akaibana makwapani mwake huku akisonya.

"Mikono ya maiti hii," alisema. "Kazi gani inamuua mtu kuanzia vidoleni?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tulia kwanza, usinipokonye."

Walikaa hivyo, uso kwa uso, mpaka vidole vya Enesia vikaanza kuchoma, dalili kwamba vinafufuka. Hivyo ndivyo siku zao zilivyoanza kwa miaka sita, tangu mtambo wa kukusanya baridi ulipojengwa Numbe na Enesia kuajiriwa kuutunza.

Subilaga alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa, na kichwa chake kilikuwa kinamtoka kidogo kidogo. Alisahau mwaka. Alisahau kwamba mumewe amekufa, akakumbushwa, akalia upya. Lakini ndani ya ua wake hakupotea kamwe. Chini ya nyumba palikuwa na safu ya mianzi, mashina kumi na moja, na yeye alitembea akiyagusa kwa mkono wa kushoto na kuyahesabu. Shina la pili ni mlango wa nyumba. La nne ni jiko. La nane ni bomba la maji, na la kumi na moja ni choo. Na akiwa ndani ya ua huo, alimjua binti yake. Akimwona tu, alimwita kwa jina.

Nje ya ua ilikuwa hadithi nyingine. Mwaka uliotangulia alipougua kifua, Enesia alimhamishia kwenye nyumba ya kituo, hatua mia tano tu juu ya mlima, kwenye hita na godoro zuri. Siku ya tatu mama alimwangalia kwa adabu zote za mgeni, akamwambia, "Dada, nakuomba. Ukimwona mwanangu Enesia akipita hapa, mwambie mama yake yuko humu." Enesia alitoka nje, akalia nyuma ya tangi la maji. Kesho yake alimrudisha mama korongoni, na ilichukua wiki saba kabla hajaitwa jina lake tena.

Sasa ule uongo. Ili uuelewe lazima kwanza ujue kwamba kila ua wa Numbe una pengo upande wa chini. Mgeni akiliona hudhani wenyeji ni wavivu wa kumalizia kazi. Wenyeji wanajua kwamba usiku ukiwa mweupe, bila wingu, ardhi hupoteza joto lake angani, na hewa iliyoigusa hupoa, ikawa nzito, ikaanza kuteremka mlimani taratibu kutafuta mahali pa chini. Ikikuta pengo, inapita. Ikikuta ua umeziba, inatuama nyuma yake kama maji nyuma ya tuta, na kufikia asubuhi viazi vimeungua vyote. Pengo hilo wanaliita mlango wa baridi. Hakuna anayeweka geti hapo, na mtoto akichezea hapo jioni hufukuzwa, eti anaizibia njia.

Ua wa Subilaga nao ulikuwa na mlango wake, katikati ya mianzi. Miaka minne iliyopita, kichwa kilipoanza kumtoka, alipitia hapo mara mbili akateremka mpaka bondeni, na mara ya pili alikutwa amekaa juu ya mabomba ya mtambo, miguu mitupu, akiuliza basi la Itungu linapita saa ngapi. Wiki hiyo Enesia alipanda mashina matatu ya mianzi kwenye pengo, la tano, la sita na la saba, ili mkono wa mama usikose kitu cha kugusa. Lakini aliyepanda mianzi hapo ameziba njia ya baridi, na korongo lile lilikuwa njia kubwa ya baridi ya kwenda bondeni. Kwa hiyo, ili isije ikatuama kwa mama, akapanda juu mlimani, akalifunga pazia la saba la mtambo, lile turubai refu linaloamua baridi ya mlima mzima ipite wapi. Baridi ikageukia msitu wa magharibi, ikapotea huko bila kumfaa mtu. Kwenye ripoti aliandika: *Pazia la saba limekwama.* Mamlaka ilikuwa na mafundi wawili kwa mikoa mitatu, na wote wawili waliiogopa Numbe. Miaka minne pazia likaendelea kukwama.

*

Mchana huo Ambakisye alipiga simu mapema kuliko kawaida.

Ambakisye Mwakalobo alikuwa msimamizi wa nyumba ya kupoa ya Itungu, kando ya ziwa, kilomita mbili na robo chini ya Numbe ukipima kwa kwenda juu. Hawakuwahi kuonana. Kwa miaka sita walikuwa wakiongea kila siku, yeye akiuliza mawe yana digrii ngapi, Enesia akimjibu.

Mawe hayo yalikuwa chini ya bonde la Numbe, ghala zima la mawe yaliyopangwa gizani. Usiku baridi iliingizwa humo ikayapoza. Mchana maji yalipitishwa katikati yake, yakatelemshwa kwenye mabomba yaliyovikwa sufi, yakizungusha mashine njiani ili nguvu ya kuanguka kwake isigeuke joto, na kule chini yakazungukia ndani ya kuta za lile lililokuwa ghala la mpunga. Humo walilala wazee na watoto wa Itungu siku ambazo nje hapakaliki.

"Ugonile, dada Enesia," alisema Ambakisye. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mawe yana ngapi leo?"

"Sita."

"Sita juu ya sifuri?"

"Juu, kaka."

Nyuma ya Ambakisye mtoto alikuwa analia, kilio cha kuchoka.

"Watu wa hali ya hewa wamesema siku tatu kuanzia kesho kutwa," alisema. "Si jua peke yake. Ni joto la jasho. Ziwa linatoa mvuke, upepo umekufa, jasho halikauki mwilini. Mtu mzima mwenye nguvu zake havumilii zaidi ya saa sita. Nina watu mia tatu na sitini humu ndani, na bado wanakuja."

Enesia alishapiga hesabu kabla hajamaliza. Mawe ya digrii sita yangeishiwa baridi siku ya kwanza jioni.

"Lile pazia lako," alisema Ambakisye, kwa upole kama anayeulizia mgonjwa. "Fundi bado hajafika?"

"Bado."

"Basi pole, dada. Najua huna la kufanya."

Mwezi wa kumi mwaka uliopita, nyumba ya kupoa ilikuwa imezika watu wanne. Ambakisye alimtajia majina yao kwenye simu, mmoja mmoja, kwa sababu kwao mtu aliyekufa hatajwi kwa idadi. Mmoja alikuwa mama muuza dagaa, Anyosisye. Enesia hakujua kama baridi ya korongo ingewaokoa. Alijua tu kwamba hakuwapa.

Aliweka simu mezani, akaitazama mikono yake.

*

Kulikuwa na mambo matatu ambayo angeweza kufanya, na alikuwa ameyageuza kichwani mpaka yamechakaa. Angeweza kumhamisha mama tena, na kumpoteza kama mwaka jana, safari hii labda moja kwa moja. Angeweza kufungua pazia na kuiacha mianzi ilivyo, na baridi yote ya mlima ingetuama uani kwa mama usiku kucha, digrii nane chini ya sifuri, na moshi wa jikoni ungelala chini usipande, na kifua kile kisingefika asubuhi. Au angeweza kuikata ile mianzi mitatu, baridi ipite isikae. Kisha mkono wa mama ungefika baada ya shina la nne, ukose kitu, na mguu ungefuata mkono.

Alasiri alishuka korongoni na msumeno wa mashine begani. Kamba alikuwa nayo mfukoni. Hakuwa ameamua.

Mama alikuwa amekaa juani, ameegemea ukuta, anamenya viazi.

"Wewe Enesia. Mbona umekuja na chombo hicho? Unataka kukata nini changu?"

Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Badala ya kuyasema aliketi chini, akachukua kisu cha pili na kiazi.

"Mama, ulipokuja kuolewa huku, uliona baridi ikoje?"

Mama akacheka. Hili alilikumbuka. Mambo ya zamani yalikuwa bado yamo ndani, yamefungwa vizuri.

"Mimi nilitoka Itungu, mwanangu, kwenye kulala mlango wazi. Nikamuuliza baba yako, mbona jua ni lile lile, na huku tuko karibu nalo zaidi, baridi hii inatoka wapi? Akaniambia, jua ni moja ila blanketi si moja. Hewa ndiyo blanketi. Kwenu ni nene, inalishika joto. Huku juu ni nyepesi, imechanikachanika, joto linatoka." Alitupa ganda la kiazi kwa kuku. "Nikaona ananidharau, mtoto wa watu ananifundisha blanketi."

Enesia alijua sura iliyofuata ya hadithi hiyo. Alikua akiisikia kila msiba na kila harusi.

"Wiki ya pili nikaona kuku wanatoka kwenye lile pengo. Nikasema, hawa watu hawajui hata kufunga ua. Jioni nikachukua mbao nikaziba, nikakaza kwa mawe, nikalala nimejipongeza." Alitikisa kichwa. "Asubuhi baba mkwe wangu ananiita nje. Shamba lote la viazi jeusi. Sufuria la maji uani limekuwa jiwe. Hakunigombeza. Alitoa mbao moja moja, akaniambia, mwali, wewe umemfungia mgeni ndani."

"Wakakuita Mfunga Baridi."

"Mpaka leo wananiita. Wale waliobaki hai." Alimwangalia binti yake, macho yake yakiwa safi kabisa. "Mbona unalia na viazi? Vitunguu ndivyo vinaliza."

Basi Enesia akamwambia. Alimwambia kila kitu, mabomba na basi la Itungu, mianzi mitatu, pazia, ripoti, watu wanne, Anyosisye muuza dagaa, watu mia tatu na sitini, joto la jasho. Alisema haraka, akijua kwamba mama angeweza kuyapoteza yote kabla ya jioni, na akijionea aibu kwa sababu sehemu fulani ya moyo wake ilitumaini hivyo.

Subilaga alikuwa ameacha kumenya.

"Itungu wanakufa kwa joto?"

"Ndiyo, mama."

"Watu wa kwetu."

"Ndiyo."

"Na wewe umeifungia baridi kwa ajili yangu."

Mama aliinuka kwa kushikilia ukuta. Alitembea mpaka kwenye mianzi, akaanza kuhesabu kwa mkono wa kushoto, moja, mbili, tatu, nne. Kwenye la tano alisimama. Alilipapasa juu mpaka chini kama mtu anayekagua mtoto wa jirani.

"Hili silo la baba mkwe," alisema. "Hili changa. Nimekuwa nikilihesabu tu." Kisha akasema, "Washa chombo chako, mwanangu."

"Mama, ukitoka hapo utapotea."

"Nitapotea tu. Hata humu ndani napotea, ila wewe huoni, kwa sababu nakuita jina." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayesema chumvi imekwisha. "Naogopa, Enesia. Usidhani siogopi. Lakini nisiambiwe nikifika kwa wazazi wangu kwamba nimekalia blanketi la watu."

Alishikilia kila shina kwa juu wakati Enesia analikata, lisianguke ovyo. Kazi ilichukua mpaka jua likaegemea. La saba lilipodondoka, upepo mdogo ulipita kwenye pengo ukainua khanga ya mama, naye akasogea pembeni kuupisha. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama wafanyavyo wenyeji wote wa Numbe.

Enesia akafunga kamba kutoka shina la nne hadi la nane, usawa wa mkono. Mama aliigusa, akasema ni kamba nzuri.

Kabla giza halijaingia alipanda mlimani. Alipiga simu Itungu kwanza.

"Kaka Amba, pazia halijakwama. Halikuwahi kukwama. Nililifunga mimi mwenyewe, miaka minne, kwa sababu ya mama yangu."

Kwenye simu alisikia mafeni ya nyumba ya kupoa yakizunguka, na mtu akiomba maji.

"Dada," alisema Ambakisye hatimaye, "hayo tutakuja kuyazungumza, mimi na wewe, tukiwa tumekaa. Nina mengi ya kukwambia, na si mazuri. Sasa hivi fungua."

Alifungua. Turubai lilijikunja taratibu na mota zake, na akasikia baridi ikiteremka miguuni mwake, nzito, haina sauti. Kisha akaandika ripoti kwa Mamlaka, mistari mitatu, na chini yake jina lake kamili.

*

Alilala kitanda kimoja na mama, mablanketi manne juu yao, na saa kumi na moja akanyanyuka polepole kwenda kusoma vipimajoto. Mama alikuwa anakoroma.

Kipimajoto cha ishirini, kilichokuwa ukutani pa nyumba ya mama, kilisoma mbili chini ya sifuri. Baridi kali, lakini ya kupita, si ya kukaa. Cha arobaini na mbili, ndani ya ghala la mawe, kilisoma nne chini ya sifuri baada ya usiku mmoja. Alikifuta, akakisoma tena. Usiku mmoja mwingine ulikuwa umebaki kabla ya joto kufika. Akampelekea Ambakisye namba hiyo, na jibu likaja pale pale: *Mia nne na kumi sasa. Itawatosha. Ndaga.* Hakuongeza neno jingine, na Enesia alielewa kwamba shukrani hiyo ilikuwa ya watu mia nne na kumi, si ya kwake yeye.

Alirudi kwa mama mbio. Jikoni hapakuwa na mtu. Mafiga yalikuwa ya baridi. Ile kamba ilikuwa imekauka kwa barafu, ngumu kama fimbo, na mtu yeyote angeigusa angeiachia.

Alimkuta hatua sabini chini ya pengo, amekaa juu ya bomba la Itungu, khanga kichwani. Safari hii alikuwa amevaa viatu. Enesia alipiga magoti mbele yake kwenye nyasi nyeupe, pumzi zinamkatika.

"Mama."

Subilaga alimtazama. Yalikuwa yale macho ya mwaka jana, ya adabu.

"Habari za asubuhi, dada. Nasikia maji yanapita humu. Yanakwenda kwetu?"

"Yanakwenda Itungu, mama."

"Vizuri. Kule kuna joto." Alipapasa bomba kidogo, karibu na paja lake. "Wewe ni binti wa nani?"

Enesia akanyoosha mikono tu, ili amwinue, asiendelee kukalia chuma.

Mama aliipokea. Aliishika, akashtuka kwa ubaridi wake, akasonya. Kisha, bila kumwangalia tena usoni, akaipitisha chini ya khanga, chini ya masweta mawili, akaibana makwapani. Walikaa hivyo mpaka jua likagusa mgongo wa mlima, mpaka vidole vikaanza kuchoma.

Mama aliinamisha kichwa, akakunja uso kama anayetafuta kitu kwenye kabati la giza.

"Hii mikono ni ya mwanangu," alisema. "Wewe umeipata wapi?"